Wauguzi Wengi, Wakuu Wachache: Somo Kuhusu Wanawake katika Utumishi wa Afya

Mwananchi aingiapo katika zahanati au kituo cha afya, mara nyingi hupokewa na mwanamke. Ndiye apimaye uzito wa mtoto, ndiye atoaye chanjo, ndiye akeshaye na mjamzito hadi alfajiri. Lakini tukizitazama ngazi za uongozi, idadi ya wanawake hupungua kadiri ngazi zinavyopanda. Somo la toleo hili linaeleza sababu za hali hiyo na namna inavyotugusa sisi tunaohudumiwa.

Hali ilivyo

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba wanawake ni takriban asilimia 70 ya watumishi wa afya na huduma za jamii duniani, lakini hushika takriban asilimia 25 tu ya nafasi za juu za uongozi. Taarifa ya mwaka 2022, iliyoandaliwa pamoja na Shirika la Kazi Duniani, ilionyesha kuwa wanawake katika sekta hiyo hulipwa kwa wastani takriban asilimia 24 pungufu ya wanaume. Yawezekana kusema kuwa katika utumishi wa umma mshahara hufuata cheo, wala hauulizi jinsia. Ni kweli, ila anayecheleweshwa kupanda cheo hupungukiwa mshahara vilevile.

Sababu tatu

Ya kwanza ni kada. Wanawake ni wengi zaidi katika uuguzi na ukunga, ilhali mganga mfawidhi kwa kawaida hutoka miongoni mwa matabibu na madaktari. Mkunga aweza kuwa na uzoefu wa miaka 20, akaongozwa na kijana aliyehitimu juzi.

Ya pili ni umri. Shahada ya udaktari huchukua miaka 5, ukiongezwa mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Baada ya kutumikia kwa muda, atakaye ubingwa husoma tena miaka isiyopungua 3. Hesabu hiyo humfikisha mtu kwenye miaka ya thelathini, na hiyo ndiyo miaka ya kuzaa na kulea. Mwanamume huweza kuwa baba na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Mwanamke mara nyingi hulazimika kuahirisha kimojawapo.

Ya tatu ni mazoea yetu wenyewe. Daktari mwanamke humaliza kumpima mgonjwa, kisha huulizwa: "Nesi, daktari atakuja saa ngapi?" Neno hilo halimdhuru siku moja, likirudiwa miaka mingi, hujenga dhana kwamba mkuu lazima awe mwanamume.

Linatuhusu vipi?

Mkuu wa kituo hushiriki kupanga kipi kinunuliwe kwanza: pazia la chumba cha kujifungulia, tangi la maji, au taa ya usiku. Anayeshinda na wajawazito hujua upungufu ulipo. Asipokuwapo mezani wakati wa kupanga, ujuzi wake hubaki wodini. Tunao mfano hapa nchini. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari, ni miongoni mwa waasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake Tanzania (MEWATA), kilichoundwa mwaka 1987. Baadaye chama hicho kiliongoza kampeni za uchunguzi wa saratani ya matiti mikoani, wakati ambapo wanawake wengi hawakuwa wamewahi kuchunguzwa.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ndoa au ujauzito. Inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 kwa aliyezaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja, na muda usiozidi saa 2 kwa siku wa kunyonyesha. Baba hupewa siku 3. Hesabu hiyo peke yake yaonyesha mzigo wa malezi umelazwa wapi.

Wajibu wetu

Cheo hakitolewi na mkutano wa kijiji, lakini mazingira ya kazi twaweza kuyatengeneza. Nyumba ya mtumishi ikiwa karibu na kituo, mama mwenye mtoto mchanga ataweza zamu ya usiku bila kutembea gizani. Wajumbe wetu katika kamati ya usimamizi wa kituo wanaweza kudai kwamba sauti ya mkunga isikike katika kila mpango. Nasi wazazi, binti apendaye sayansi tumwache asome. Ndoo ya maji kaka yake pia aweza kuibeba.

Maswali ya kujadili

1. Je, mtumishi mwenye mtoto mchanga anaweza kufanya kazi ya usiku kwa usalama katika kituo chetu?
2. Katika kamati ya kituo chetu, wanawake ni wangapi, na maoni yao hufuatwa?
3. Tukimkuta mwanamke amevaa koti jeupe, humwita nani?