Somo: Namba ya Hitilafu ya Injini Kuzidisha Mzunguko. Tambua Chanzo Kabla ya Kulipia Matengenezo

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako plau ya kukokotwa na ng'ombe imelima mashamba kwa vizazi kadhaa, trekta sasa ni chombo cha kawaida. Hulima, huvuta tela la mavuno na kuendesha mashine ya kupukuchulia mahindi. Matrekta mapya yana kompyuta inayolinda injini, na hitilafu ikitokea huonesha namba kwenye dashibodi. Namba hiyo inaweza kumwokolea mwenye trekta fedha nyingi, au kumpotezea nyingi zaidi endapo mtu mwingine ndiye atakayeisoma na kuitafsiri kwa faida yake.

Somo hili linahusu namba moja: ile inayosema kuwa injini imezunguka kupita kiwango. Baada ya kulisoma, mtumiaji ataweza kutofautisha vyanzo vitatu vya hitilafu hiyo, kufanya ukaguzi wa awali, na kumuuliza fundi maswali yanayostahili kabla ya kukubali gharama.

Namba inasema nini

Katika matrekta mengi ya dizeli yenye kompyuta, taarifa hii huonekana ikiwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, iliyoandikwa SPN, hutaja kinachopimwa. Namba 190 ni mwendo wa mzunguko wa injini. Sehemu ya pili, iliyoandikwa FMI, hueleza aina ya tatizo. FMI 0 ina maana kwamba mzunguko ulipita kiwango kwa hatari kubwa. FMI 16, kwa hatari ya kati. FMI 2 ina maana kwamba taarifa inayofika kwenye kompyuta haieleweki, na FMI 8 kwamba mapigo ya kihisi si ya kawaida. Watengenezaji wengine hutumia namba zao wenyewe; kitabu cha mwongozo cha trekta lako ndicho cha kuaminiwa kwanza.

Jambo la msingi ni hili: namba hueleza kilichotokea, haitaji kifaa kilichoharibika. Hakuna namba isemayo "nunua pampu". Anayesema hivyo kwa kuitazama dashibodi pekee bado hajafanya uchunguzi.

Kwa nini jambo hili ni zito

Injini nyingi za trekta hufanya kazi zikizunguka takribani mara 2,000 hadi 2,300 kwa dakika. Nguvu inayovuta konrodi na boliti zake huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Injini ikitoka mizunguko 2,200 hadi 3,300, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini nguvu hiyo imeongezeka mara mbili na robo. Springi za valvu nazo hushindwa kufunga valvu kwa wakati, na valvu inaweza kugongwa na pistoni. Kwa hiyo namba hii haifai kupuuzwa hata kama trekta linaendelea kutembea.

Vyanzo vitatu

Cha kwanza ni magurudumu kuisukuma injini. Hiki ndicho cha kufikiriwa mapema katika maeneo yetu, kwa kuwa ardhi huteremka kutoka nyanda za juu za Tarime kuelekea bonde la Mto Mara, unaozitenganisha wilaya hizi mbili. Trekta linaposhuka na tela lenye gunia 40 za mahindi za kilo 100 kila moja, yaani tani 4 bila uzito wa tela lenyewe, mzigo hulisukuma kwa nyuma. Magurudumu huzungusha gia, na gia huzungusha injini. Kompyuta hukata mafuta, lakini kukata mafuta hakusaidii, kwa sababu si mafuta yanayoizungusha injini wakati huo. Kubadilisha gia kwenda ndogo ghafla trekta likiwa katika mwendo mkubwa huleta matokeo yaleyale. Katika hali hii huenda injini haikuwa na ubovu wowote kabla ya tukio.

Cha pili ni taarifa ya uongo. Kihisi cha mzunguko huhesabu meno ya gia au ya flaiwili yanapopita mbele yake. Kikilegea, kikishika vumbi la chuma, au waya wake ukichubuka na kugusana, kompyuta huweza kupokea hesabu isiyo sahihi ilhali injini inazunguka kwa utulivu.

Cha tatu ni injini kupata nishati isiyodhibitiwa. Nozeli inayovuja, gavana iliyokwama katika pampu za aina ya zamani, oili inayoingia kupitia turbo iliyochakaa, au oili iliyojazwa kupita alama na kuvutwa kwenye njia ya hewa, vyote huweza kuilisha injini. Hiki ndicho chanzo cha hatari kuliko vyote, kwa sababu injini inayochoma oili yake yenyewe huweza kuendelea kuzunguka hata ufunguo ukizimwa.

Hatua za uchunguzi

1. Usikubali namba ifutwe kabla ya kunakiliwa. Andika au piga picha ya SPN, FMI, idadi ya matukio, na saa za injini wakati wa tukio iwapo kompyuta inazihifadhi. Huo ndio ushahidi wako.

2. Mhoji dereva kwa upole. Alikuwa kwenye mteremko? Gia ipi? Tela lilibeba nini? Injini ililia kwa sauti kubwa? Dereva anayeogopa kukatwa mshahara ataficha ukweli, na ukweli uliofichwa utalipiwa kwa spea usizozihitaji.

3. Linganisha saa za tukio na safari za siku hiyo. Tukio lililotokea kwenye mteremko tu, na halirudii shambani, huelekeza kwenye chanzo cha kwanza.

4. Injini ikiwa imezimwa na kupoa, pima oili. Ikiwa imepita alama ya juu, au ina harufu ya dizeli, usiiwashe, mwite fundi. Kagua pia bomba la hewa baada ya turbo: oili nyingi ndani yake ni onyo la chanzo cha tatu.

5. Kagua waya na kihisi: kulegea, kuchubuka, kutu au kuliwa na panya.

6. Endapo hatua ya 4 haikuonesha hatari wala injini haigongi, mwombe fundi apime mzunguko halisi kwa kipimo cha mkononi kwenye shafti ya PTO, ile inayozungushia zana nyuma ya trekta. Tuseme mwongozo unasema shafti huzunguka mara 540 injini ikiwa kwenye 2,000. Dashibodi ikionesha 3,000 huku shafti ikipimwa 540, injini iko kwenye 2,000 na dashibodi ndiyo inayokosea. Kazi hii ifanywe na fundi, bila zana kufungwa, na mtu yeyote mwenye nguo zinazoning'inia akae mbali.

Injini ikikataa kuzimika

Usisimame ubavuni mwa injini wala usijaribu kuziba njia ya hewa kwa mkono. Zima ufunguo na vuta kizimio cha mafuta kama kipo. Ikiwa uko kwenye kiti na trekta limesimama, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia kubwa kabisa na uachie klachi ili injini ilemewe na kuzimika. Isiposaidia, ondoka na uwaondoe watu wote karibu. Trekta hununuliwa tena.

Baada ya chanzo kujulikana

Chanzo kikiwa mteremko, dawa ni uendeshaji. Chagua gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, unganisha pedali mbili za breki, hakikisha tela lina breki zinazofanya kazi, na usikanyage klachi wala kutoa gia njiani. Mzigo mkubwa ugawanywe kwa safari mbili. Hata hivyo, ikiwa namba ilikuwa ya hatari kubwa, fundi apime nafasi za valvu na kukagua kama kuna kilichopinda kabla ya trekta kurudi kazini. Mlio wa kugonga, moshi mpya au kupungua kwa nguvu ni sababu ya kusimamisha kazi mara moja.

Chanzo kikiwa kihisi au waya, matengenezo huwa madogo kuliko ya pampu au turbo. Chanzo kikiwa mafuta au oili, trekta lisiwashwe hadi litengenezwe.

Haki na wajibu wa mtumiaji

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kulipa, muulize fundi: Umepima nini? Umepata kipimo gani? Mwongozo unasema kiwe kiasi gani? Fundi mwenye ujuzi hatakereka. Omba makadirio ya gharama kwa maandishi, dai kurudishiwa spea ya zamani, na chukua risiti ya EFD inayotaja kazi iliyofanyika.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inashughulikia bidhaa bandia, zikiwemo spea. Anayeuziwa spea bandia, au anayelipishwa kazi isiyofanyika, anaweza kuanza kwa afisa biashara wa halmashauri yake, kisha kufikisha malalamiko Tume ya Ushindani akiwa na risiti, makadirio, spea ya zamani na nakala ya namba ya hitilafu. Malalamiko yenye vielelezo husikilizwa kwa urahisi kuliko maneno matupu.

Maswali ya kujipima

1. Trekta lilionesha SPN 190 FMI 0 likishuka na tela lililojaa. Shambani namba hairudi, oili iko kwenye alama, na injini haigongi. Chanzo gani kichunguzwe kwanza, na ukaguzi gani bado unahitajika?

2. Fundi anafuta namba, kisha anasema pampu ibadilishwe. Je, amekosea wapi?

3. Oili imepita alama na inanuka dizeli. Kwa nini injini isiwashwe?

Majibu: (1) Mzigo kuisukuma injini, nafasi za valvu bado zipimwe, kwa kuwa namba ni ya hatari kubwa. (2) Amefuta ushahidi, na ametaja kifaa bila kutoa kipimo. (3) Mchanganyiko huo unaweza kuvutwa kwenye njia ya hewa na kuilisha injini bila udhibiti, hata ufunguo ukiwa umezimwa.