Mavuno ya Matogoro: Kula kwa Wakati, Hifadhi kwa Akili

Anayetaka kula vizuri chini ya milima ya Matogoro, Songea, aifuate mvua. Ruvuma ina msimu mmoja tu, Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, na kila chakula kina wiki zake. Ukichelewa utakuta mahindi makavu, ambayo hata Dar es Salaam yapo.

Mvua zinapoanza ni zamu ya masuku, matunda ya porini. Okota yaliyodondoka yenyewe. Ya kutikisa mti ni makali mdomoni. Kisha, Januari na Februari, ni zamu ya uyoga wa miombo, na hapa twende taratibu.

Nchini Italia, mchumaji anaweza kupeleka kikapu chake kwa wakaguzi wa uyoga wa idara ya afya, wakauchambua kabla haujaingia chunguni. Songea mkaguzi ni bibi aliyeuchuma tangu utotoni. Nenda naye, na asioutambua yeye uachwe palepale. Msiwasikilize wanaosema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kuchemsha mara mbili huondoa sumu. Sumu ya uyoga ule wa hatari zaidi haiondoki kwa moto, na dalili zake huweza kuchelewa saa 6 hadi 24, ini likiwa limeshaanza kuharibika. Aliyekula uyoga akianza kutapika au kuharisha, mwahisheni hospitali na mabaki ya uyoga huohuo. Jambo jingine: msitu wa Matogoro ni hifadhi, na Mto Ruvuma unaanzia humo. Omba ruhusa kabla ya kuingia, na usiwashe moto.

Machi hadi Mei ndipo raha yenyewe. Hindi bichi libonyeze kwa ukucha: likitoa maji meupe, la kuchemsha, likianza kukaza, la kuchoma. Nunua lenye maganda na ulipike siku hiyohiyo, kwa sababu sukari yake huanza kugeuka wanga mara tu linapovunjwa. Karanga mbichi chemsha na maganda yake kwa chumvi. Msusa, yaani majani ya maboga, uondolewe nyuzi, ukatwe, upikwe kwa karanga za kutwanga. Kwa maoni yangu hakuna mboga ya msimu huu inayoushinda.

Juni na Julai baridi imeshika na mahindi makavu yanaingia nyumbani. Wanaonunua ya mwaka mzima wadai mizani. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku kisheria, na debe humpunja mmoja kati ya muuzaji na mnunuzi. Kabla ya kuhifadhi, pima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko kadhaa vya chumvi kavu, funga, tikisa, kisha uache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si kwenye udongo. Yakikauka sawasawa, yaani unyevu usiozidi asilimia 13, yatie kwenye mifuko ya kinga njaa na uifunge isipitishe hewa. Dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima humwita Scania, hufia humo bila dawa.

Ukavu huo unazuia pia sumukuvu, inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Haionekani wala haina ladha, na kupika ugali hakuiondoi. Kwa hiyo chambua kabla ya kusaga: punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitoe zote. Usiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye mayai na maziwa. Zifukie.