Niombe Nafasi ya Utafiti wa Chaneli za Ayoni?

Swali: Nimemaliza uzamivu wa baiokemia, naishi Tanuf, Oman. Kuna maabara Ulaya inatafuta mtafiti wa muundo na kazi ya chaneli za ayoni. Sijawahi kuzishughulikia. Niombe?

Jibu: Omba, ndugu yangu, lakini lisome tangazo vizuri. Hizo ni fani mbili. Muundo ni kusafisha protini na kuchora umbo lake. Roderick MacKinnon alipewa Nobel mwaka 2003 kwa chaneli ya potasiamu. Kazi ni kupima mkondo wa umeme kwa pipeti ya kioo, ufundi wa Neher na Sakmann, Nobel ya 1991. Wanaozimudu zote ni wachache. Wewe, kama umesafisha protini, sema hivyo waziwazi.

Barua isijae sifa za maabara; taja swali lako. Kwa mfano, ugonjwa wa selimundu uko Oman na uko Afrika Mashariki. Katika chembe nyekundu ya damu ya mgonjwa, chaneli ya Gardos hutoa potasiamu, maji yakafuata, chembe ikanywea. Dawa ya kuiziba, senikapoki, ilipunguza kuvunjika kwa chembe, ila si vipindi vya maumivu. Hapo pana kazi.

Na kabla ya kukubali, uliza mkataba ni wa muda gani na mshahara unatoka mfuko upi.