Mdogo Wangu, Usihame Programu Kabla Wimbo Haujaisha

Njoo ukae hapa, mdogo wangu, tuongee. Najua kilichokuleta. Ujumbe wako umenifikia usiku, nao ni wa tatu wiki hii kutoka pande hizi za Sikuda na Busia, huku mpakani mwa Uganda na Kenya, na nyote watatu mnauliza jambo lilelile: "Dada, niache FL Studio niende Cubase?" "Dada, mbona prodyuza fulani anatumia Logic?" "Dada, kweli Ableton ndiyo inafanya biti zisikike kama za Ulaya?" Mmoja wenu ana miaka miwili na laptopu, amepitia programu tano, na wimbo uliokwisha hana hata mmoja. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Nilisikitika, kwa sababu naijua vizuri ile hali ya kulala ukiamini kwamba kinachokuzuia kimekaa ndani ya mashine ya mwenzako. Haikupati peke yako, usijione mjinga. Ila mchagua nazi hupata koroma, na mimi sitaki uishie na koroma.

Nianze na lile linalowatesa zaidi. Chukua sauti moja, iingize kwenye programu mbili bila kuongeza kitu, uitoe tena kama faili ya WAV. Masikio yako hayatakuambia ipi ni ipi. Zote zinajumlisha sauti kwa hesabu ileile. Kwa hiyo wimbo wa yule jirani yako hausikiki mzuri kwa sababu ya jina lililoandikwa juu ya dirisha la programu yake. Tofauti iko mkononi: programu inakuanzisha wapi, inakurahisishia nini, na inakuchosha wapi mpaka uache kujaribu. Hilo la mwisho ndilo la kuogopa. Jambo linalochosha mkono huliachi leo tu, unaliacha mwaka mzima, na mwishoni nyimbo zako zote zinafanana bila wewe kujua sababu.

Tuichukue FL, maana ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi huku kwetu. Ilitoka Ubelgiji mwaka 1997, ikiitwa FruityLoops. Ukiifungua inakupa safu ya vitufe 16 kwa kila ngoma: bonyeza cha kwanza, cha tano, cha tisa, cha kumi na tatu, na tayari teke la ngoma linatembea. Dakika moja haijaisha, kichwa kinatikisika. Ndiyo sababu vijana wanaipenda, na sina ugomvi nao. Lakini sikiliza. Kwa kuwa inakupokea na kipande kinachozunguka, inakufanya uishi ndani ya kipande hicho. Utaongeza filimbi, utaongeza besi, utakisikiliza mara mia, utakipenda, na wimbo hautakuwa umeanza kuandikwa. Nimeona mafolda yenye vipande 60 vya sekunde nane. Kila kimoja ni kitamu. Hakuna hata kimoja chenye ubeti wa pili.

Na nyie wapya, msione aibu kwa haya mawili, kila mtu amepita hapo. La kwanza: mmepanga wimbo wote, mkabonyeza kucheza, kikasikika kipande kimoja tu kikijirudia. Laptopu haijaharibika. Kando ya kitufe cha kucheza kuna kingine kidogo kinachochagua kati ya kucheza kipande na kucheza wimbo, nacho kimebaki kwenye kipande. La pili: mmeweka mwangwi kwenye sauti ya mwimbaji, mara ngoma nazo zinalia kama ziko pangoni. Katika FL chombo unachokiita si lazima kiwe na njia yake kwenye miksa, na usipokipa namba kinamwagika moja kwa moja kwenye Master pamoja na wenzake. Kipe kila chombo namba yake kabla hujaanza kupamba. Ni kama kutenga sahani kabla ya kupakua.

Mtu asikudanganye kwamba FL ni ya watoto. Kule Gulu, Waacholi walipoanza kupeleka muziki wao wa harusi kwenye kompyuta, Otim Alpha na prodyuza Leo Palayeng walitengeneza nyimbo zenye kasi inayowarusha wazee vitini, na mwaka 2017 kazi hizo zikatolewa kwenye albamu ya Gulu City Anthems, zikasikilizwa mpaka Ulaya. Kompyuta iliingia harusini kwa sababu za kawaida kabisa, kwamba kulipa kundi zima la wapigaji ni ghali. Waliojua larakaraka, ngoma hiyo ya Waacholi, inavyotakiwa kudunda walichukua chombo kilichokuwepo wakakitiisha. Hawakungoja kingine.

Sasa Cubase, Logic na Pro Tools. Hizi zinafikiri kwa namna nyingine. Unapewa mstari unaotoka kushoto kwenda kulia, kama kanda inayoviringika, na wimbo una mwanzo na mwisho tangu siku ya kwanza. Cubase ilianza mwaka 1989 kule Hamburg, Ujerumani. Uzuri wake unauona ukirekodi watu. Mwimbaji anaimba ubeti mara tano, mara zote tano zinapangwa kwa tabaka, juu na chini, nawe unachukua mstari wa kwanza kutoka mara ya tatu, neno la mwisho kutoka mara ya tano, unaunga. Wewe uliyeniandikia kuhusu kwaya ya kanisa, mdogo wangu, sikia hapa: kwaya yenye sauti nne na akina mama kumi na wawili utaichukia dunia ukiirekodi ndani ya vipande vya FL. Inawezekana, ndiyo. Ila utakuwa unakata kuni kwa kisu cha mboga. Na Logic usiisumbukie kama huna Mac. Mwaka 2002 Apple iliinunua Emagic, kampuni iliyoitengeneza, na tangu hapo kwenye Windows haipatikani. Usikope pesa za chama ununue kompyuta kwa sababu ya programu. Narudia: usikope.

Ableton Live, ya Berlin, imekuwepo tangu 2001. Inakupa visanduku, kila kimoja na kipande chake, unaviwasha na kuvizima huku muziki unaendelea. Kama unapiga jukwaani, unataka kubadilisha wimbo kwa kutazama macho ya wanaocheza, hii imekaa vizuri. Kama unatunga chumbani tu, visanduku hivyo ni mtego uleule wa vipande.

Reaper watu wengi hawaizungumzii kwa sababu haina urembo. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006, ni nyepesi sana, haili bando, inatembea kwenye laptopu ya mtumba ambayo Cubase mpya ingeizimisha. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu mdogo ni dola 60. Haiji na vinanda vya kuvutia, huo ndio upungufu wake, utajitafutia mwenyewe. Kwangu mimi ndiyo iliyonifunza jambo ambalo nataka nikusimulie polepole.

Tulimwalika mzee mmoja wa hapa Sikuda, mpiga akogo, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba. Nikafanya nilivyozoea: nikafungua Reaper, mwendo ukiwa 120 kama programu nyingi zinavyojifungua, nikamvisha hedifoni, nikawasha mlio wa kuhesabu, ti-ti-ti-ti. Mzee akapiga kidogo, akasimama. Akavua hedifoni, akaiweka juu ya goti, akasema kuna mtu anamgongea mlango. Nikamwambia ndiyo saa, baba, ifuate. Akanitazama kwa huruma. Nikaizima. Akaanza upya, vidole gumba viwili juu ya vile vyuma, akapiga dakika sita bila kukatika, na sote chumbani tuliacha kupumua. Baadaye nikapita polepole nikiweka alama za mwendo kila baada ya mizunguko minne, ili mistari ya programu imfuate yeye. Alianzia 112, akaishia karibu 119. Ule upandaji ndio ulioinua watu vitini, nami nilikuwa karibu kuuua kwa kitufe kimoja.

Unaona sasa ninapotaka ufike? Kila programu ina mahali ilipochora mistari yake, na ukiufuata mstari bila kuuliza unapoteza kilicho chako. Ableton inaweza kunyoosha rekodi ya akogo ikalingana na mistari kama askari wa gwaride. Kwa DJ anayeunganisha nyimbo hiyo ni baraka. Kwa akogo ni kupiga pasi kikapu. Vivyo hivyo kwa noti: kinanda cha kompyuta kimegawanywa ngazi kumi na mbili zilizo sawa, lakini vyuma vya akogo vimesogezwa kwa mkono wa fundi mpaka sikio lake limekubali. Ukiweka kinanda juu yake na vinagombana, usimrekebishe mzee. Teremsha au pandisha kinanda senti chache mpaka kikae naye. Programu zote nilizotaja zinaweza hilo, ni suala la wewe kujua kitufe kilipo. Nenda kakitafute leo. Mcheza kwao hutunzwa.

Nirudi kwenye kuhamahama, maana bado sijamaliza kukugombeza. Mpaka wetu huu umetupa bahati ambayo wengine hawana. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa hapa Busia, kwa waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya. Siku hizi wanabeba na fleshi. Unatengeneza biti upande huu, mwimbaji yuko upande wa Kenya, studio aliyozoea inatumia Cubase. Unatuma fleshi, inafika, inafunguliwa, hakuna kitu. Simu zinapigwa, maneno makali yanatoka, urafiki unaingia doa. Kumbe umetuma faili ya mradi wa FL peke yake. Cubase haiijui faili hiyo, na hata FL ya mwenzako ingeifungua na kuuliza sauti za ngoma ziko wapi, kwa sababu zimebaki kwenye laptopu yako.

Fanya hivi. Ukimtumia mwenye FL, tumia ile njia ya kutoa mradi pamoja na sauti zake katika furushi moja la zip. Ukimtumia mwenye programu nyingine, toa kila chombo peke yake kama WAV, vyote vikianzia mwanzo kabisa wa wimbo hata kama filimbi inaingia dakika ya pili, na uandike mwendo kwenye jina la faili. Akiziweka zote kushoto kabisa, zitalingana zenyewe. Kazi ya dakika kumi inakuokoa ugomvi wa miezi.

Lingine limenifikia kutoka kwa binti wa Tiira, na liliniuma. Alipakua FL ya majaribio, akatunga nyimbo saba, akahifadhi kila usiku kwa uaminifu. Asubuhi anafungua, programu inakataa. Toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi, ila mradi haufunguki tena mpaka ulipie. Hakuna aliyemwambia. Mdogo wangu, nyimbo zako hazijafa. Faili zitunze, siku ukinunua leseni zitafunguka, na FL ukiinunua mara moja masasisho yake hulipii tena maisha yako yote. Mpaka siku hiyo, kila ukitunga toa WAV kabla hujafunga. Na ukinunua, soma vizuri: hakikisha toleo unalochukua linakupa nafasi ya kuweka sauti uliyorekodi kwenye wimbo. Lile linaloitwa Producer linayo.

Usinijibu kwamba kuna kijana mjini anayeweka kila kitu bure. Namjua wa aina yake. Studio moja niliyowahi kufanyia kazi iliwekewa programu za wizi, na siku moja faili zote zikajifunga kwa kirusi, ikiwemo kazi ya kwaya iliyokuwa imechangisha mwaka mzima. Nilisimama mbele ya wale akina mama na sikuwa na neno. Kama pesa haipo, Audacity ni bure kihalali kwa kurekodi na kukata, na BandLab inafanya kazi kwenye simu yako hiyohiyo bila kulipa.

Kwa hiyo wewe wa programu tano, kazi yako ni hii. Rudi kwenye FL uliyoanza nayo, usiache mbachao kwa msala upitao. Chagua kipande kimoja kati ya vile ulivyolimbikiza, kile ambacho hata mama yako akipita anakiimba. Weka hifadhi ya kujiendesha kila dakika tano, maana umeme wetu unaujua. Kisha ondoa macho kwenye vitufe 16, nenda kwenye mstari mrefu, na uandike ubeti wa pili. Ukikwama katikati, hapo ndipo uniulize, tena uniambie ulikuwa unataka kufanya nini mkono ukakataa. Nikijua hilo nitakwambia kama shida ni programu kweli.

Jumamosi nitakuwepo tangu asubuhi. Njoo na laptopu, na chaja usiisahau, ya kwangu haiingii kwenye HP. Mzee wa akogo amesema naye atapita.