Zana za programu huria: namna ya kukosoa ukasikilizwa

Kijana wa Kapalata, Kisangani, anayejifunza kutengeneza programu hutegemea zana ambazo hakuzilipia hata franka moja: lugha ya Python, mfumo wa Linux, Git ya kutunza matoleo ya kazi yake. Na si wanafunzi peke yao. Takwimu za vituo vya afya nchini Kongo hupitia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Zana ikigoma, hasira inaeleweka: mega umenunua kwa pesa yako, umeme umerudi usiku wa manane, na kazi inangojewa asubuhi. Lakini kuna lawama inayoleta marekebisho, na kuna lawama inayoharibu.

Una haki ya kutarajia nini?

Leseni ya programu huria inakuruhusu kuitumia, kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Leseni hizo hizo, ziwe MIT, GPL au Apache, zinatamka kwamba programu inatolewa bila dhamana. Kwa hiyo huwezi kumpangia mtunzaji wake tarehe. Unachoweza kutarajia ni maelekezo yanayolingana na programu yenyewe, ukweli kuhusu kasoro zinazojulikana, na heshima unapouliza. Yakikosekana hayo, sema.

Funzo la mwaka 2024

XZ Utils ni zana ndogo ya kubana mafaili, nayo imo ndani ya mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilianza kumshambulia kwamba anachelewa, na kwamba ampe mtu mwingine nafasi. Aliyepata nafasi hiyo, aliyejiita Jia Tan, baadaye aliingiza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1.

Mlango huo uligunduliwa Machi 2024 na mhandisi Andres Freund. Aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akapima, akachunguza chanzo, akatoa taarifa yenye ushahidi. Makelele yalimchosha mtunzaji na kumfungulia adui njia. Kipimo cha nusu sekunde kiliokoa watu wengi.

Hatua za kufuata

1. *Hakikisha kasoro ni ya zana.* Excel iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo kompyuta nyingi za kwetu, hutenganisha safu za faili la CSV kwa nukta-mkato, na huandika kilo 12,5 kwa mkato. Maktaba ya pandas ya Python hutazamia mkato utenganishe safu, kwa hiyo 12,5 inakatwa vipande viwili na jedwali linavurugika. Zana haijaharibika: ongeza `sep=";"` na `decimal=","` katika `read_csv`.

2. *Tafuta kama imeshasemwa.* Soma taarifa zilizopo za mradi, zikiwemo zilizofungwa. Huenda dawa iko katika toleo jipya.

3. *Andika taarifa kamili.* Taja toleo la zana, mfumo wa kompyuta, hatua ulizofuata, ulichotarajia na kilichotokea. Nakili ujumbe wa kosa kama ulivyo. Weka mfano mfupi kabisa unaorudia tatizo, na uondoe majina ya watu na nywila.

4. *Kosoa kazi, usimtukane mtu.* "Haifanyi kazi, ni takataka" haimwambii mtunzaji pa kuanzia. "Toleo hili linasimama faili linapozidi mega 50" inampa pa kushika.

5. *Kasoro ya usalama ipeleke faraghani*, kwa anwani ambayo mradi umeitenga kwa ajili hiyo, wavamizi wasiiwahi.

Miradi mingi hujadiliana kwa Kiingereza. Sentensi fupi na rahisi zinatosha.

Wasipojibu

Kumbusha kwa upole baada ya majuma machache. Kazi ikikusukuma, rudi kwenye toleo la zamani lililokuwa likifanya kazi, ilimradi halina tundu la usalama linalojulikana. Unaweza pia kurekebisha msimbo mwenyewe na kuwatumia marekebisho, au kuchagua zana nyingine. Kabla ya kujenga kazi muhimu juu ya zana yoyote, angalia inatunzwa na watu wangapi na toleo la mwisho lilitoka lini.

Usinyamaze

Heshima kwa wanaojitolea isitufanye tumeze shida zetu. KoboCollect, programu ya kukusanya data, na ile ya DHIS2 ya simu huhifadhi data kwenye simu hadi mtandao upatikane, kwa sababu zilitengenezwa zikiwafikiria watu wa mahali ambapo mtandao si wa kutegemewa. Zana nyingine bado zinadai muunganisho kila dakika, au sasisho la mamia ya mega. Pima zimekula mega ngapi, eleza kazi iliyopotea umeme ulipokatika, kisha peleka taarifa hiyo. Mtengenezaji aliye mbali hawezi kurekebisha shida ya Kisangani ambayo hakuna aliyemweleza.