Bango Limeshamtaja Mkosaji

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeupata pamoja na vyote ulivyoambatisha: filamu ya dakika 11, trela, bango, na ile tathmini ya kurasa nne mnayotakiwa kuikabidhi kwa mwalimu. Umeniuliza kama mtapata maksi nzuri. Hilo siwezi kulijibu, kalamu nyekundu iko mkononi mwa mwalimu wenu. Ninachoweza ni kukuambia nilichokiona, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa sababu kazi yenu nimeipenda na najua inaweza kuwa nzuri kuliko ilivyo.

Hongera kwanza. Vijana watano, simu mbili, nyumba moja ya kupanga yenye korido katikati na vyumba huku na huku, na mkaweza kunifanya niache chai yangu ipoe. Pale binti mpangaji anapotoweka, mlango wake una kufuli kwa nje, lakini redio inaendelea kulia ndani, mwili ulinisisimka. Hamkuweka maneno hapo, hamkuweka muziki. Kufuli nje, redio ndani. Aliyelifikiria hilo anajua kusimulia, na mumwambie.

Sasa tuingie kwenye penyewe. Jumamosi jioni niliiweka filamu yenu kwenye flashi, nikaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni na kuwaita waliokuwepo nyumbani: shangazi yangu, jirani anayeuza mihogo ya kukaanga, na mtoto wa kaka yangu, ana miaka 13. Niliwaonyesha bango kwanza, maana ndivyo mtu wa kawaida atakavyokutana nayo, bango kwenye simu halafu filamu baadaye. Taa nikazima. Na mimi sikuitazama filamu, niliwatazama wao. Dakika ya pili walikuwa kimya. Kwenye lile kufuli, jirani alimshika shangazi mkono. Dakika ya nne mtoto akasema, tena bila hata kuinua sauti, "Ni mama mwenye nyumba." Nikasimamisha filamu na kumuuliza amejuaje. Akachukua simu yangu, akanionyesha bango lenu: mama mwenye nyumba amesimama mbele, uso nusu gizani, na mkononi ameshika kanga.

Dakika saba zilizobaki waliangalia kwa heshima tu.

Ndiyo maana nasema tathmini yenu imeanzia mahali pasipofaa. Mmeandika ukurasa mzima kuhusu filamu, halafu ukurasa mwingine kuhusu matangazo, kana kwamba ni watoto wa mama tofauti. Filamu ya fumbo inaanza pale mtu anapoliona bango. Bango likishajibu swali, hakuna uhariri wa kuiokoa. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alipokuwa akiitangaza Psycho, alitengeneza trela ya zaidi ya dakika sita ambamo anatembeza watu kwenye hoteli na nyumba ya hadithi, chumba kwa chumba, anaanza kusema jambo halafu anajikatisha. Na majumba ya sinema yakatakiwa yasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza. Alilinda siri yake kuanzia kwenye tangazo hadi mlangoni.

Basi ibadilisheni picha ya bango. Mnayo picha tayari, ni lile kufuli. Kufuli, mlango wa mbao wenye rangi iliyobanduka, na jina la filamu. Mama mwenye nyumba abaki ndani ya filamu anakopaswa kushukiwa taratibu.

Nirudi kwenye kanga, kwa kuwa hapo ndipo penye dhahabu na mmeipitia mbio. Kanga huuzwa doti, vipande viwili. Kwenye kamba uani kimeanikwa kipande kimoja cha yule binti. Cha pili hakipo, na atakayekipata ameipata siri. Nimekipenda mno kidokezo hiki, maana hakihitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyekua kwenye nyumba zetu. Shangazi yangu angekinasa mara moja. Lakini hakukinasa, kwa sababu ile picha ya kamba haikufika hata sekunde moja! Halafu mwishoni mnatuonyesha kipande cha pili kwa sekunde nane, ngoma zinapigwa, kamera inasogea hadi maandishi ya kanga yanajaa skrini. Mmekificha mwanzoni na kukipigia kelele mwishoni. Mtazamaji anajiona amedanganywa, na hapo amewaonea nyie, kwa sababu hamkukusudia kumdanganya.

Mkasome vitabu vya Mohamed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, mtazame mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake anavyofanya kazi. Jambo analolitumia kufumbua kitendawili mara nyingi na wewe msomaji umeliona, ila umelipita. Ukifika mwisho unarudi nyuma ukijilaumu mwenyewe, wala humlaumu mwandishi. Kwenye filamu yenu dawa ni ndogo: acheni kamera ikae kwenye kamba sekunde tatu au nne huku kuna kitu kingine kinachoendelea mbele, mtoto anachota maji, mtu anapita. Macho yaone kanga, akili iwe kwenye ndoo.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hamjaamua, na linaonekana. Mnataka tushtuke au tukae na wasiwasi? Hitchcock alilieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanazungumza, bomu linalipuka ghafla, mtazamaji anapata mshtuko wa sekunde chache. Lakini akionyeshwa bomu mapema, na saa ukutani, yale yale mazungumzo ya kawaida yanageuka kuwa dakika nyingi za taharuki. Filamu yenu ina mishtuko minne ya mlango kugongwa kwa kishindo. Wa kwanza ulifanya kazi. Kwenye wa nne, jirani yangu alikuwa anatafuta ndala zake. Toeni miwili, muda huo mpeni yule rafiki wa binti akae chumbani kwa mwenye nyumba akinywa chai, na sisi tukiwa tumeshaona kipembe cha kanga kikichungulia chini ya godoro. Chai hiyo ndefu itatutesa kuliko milango yote.

Wala msidhani taharuki inahitaji fedha au kamera kubwa kuliko yenu. Watu Wote, filamu ya basi lililovamiwa karibu na Mandera, ilikuwa kazi ya kuhitimu ya wanafunzi wa Hamburg Media School, Ujerumani. Ilipigwa Kenya, watu wanaongea Kiswahili na Kisomali, ina dakika 22, na mwaka 2018 iliwania tuzo ya Oscar. Itazameni mwone abiria wanavyokaa tu kwenye viti vyao na wewe huwezi kupumua.

Sauti na mwanga sitakaa navyo sana, mnajua wenyewe. Picha za usiku zina chenga kwa sababu simu haipendi giza. Pigeni magharibi, mbingu ikiwa bado ina buluu kidogo, kisha mzitie giza wakati wa kuediti. Na maneno yanamezwa na upepo. Simu ya pili ifichwe karibu na anayeongea, kwenye mfuko wa shati au nyuma ya sufuria, irekodi sauti peke yake.

Sasa hili nisikilize vizuri. Katika tathmini mmejisifu kwamba njia yenu bora ya matangazo ilikuwa lile tangazo la "Ametoweka", lenye picha ya mwigizaji wenu, mlilolirusha kwenye makundi ya WhatsApp bila kusema ni filamu. Najua mlikolitoa. Mwaka 1999 Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliosoma filamu University of Central Florida, waliitangaza The Blair Witch Project kwa tovuti yenye historia ya kubuni na vipeperushi vya watu waliopotea, na dunia ikakimbilia kuitazama. Lakini mama mzazi wa mwigizaji wao wa kike alikuwa akitumiwa kadi za rambirambi, na binti yake yu hai. Na huku kwetu je? Mtaani kwangu mtoto aliwahi kupotea kweli. Msikiti ulitangaza, kanisa likatangaza, kinamama wakazunguka na tochi hadi saa nane za usiku, na picha yake ikapita kwenye makundi yale yale mliyoyatumia. Alipatikana, namshukuru Mungu, kwa sababu kila aliyeiona picha aliamini. Imani hiyo ndiyo inayowarudisha watoto nyumbani, na hamna haki ya kuitumia kuuza filamu. Lifuteni leo, ombeni radhi kwenye makundi hayo, na kwenye tathmini andikeni wazi kwamba mlikosea na mmejifunza nini. Kwa mwalimu mwenye busara, aya hiyo itakuwa na uzito kuliko kurasa zote za kujisifu.

Tathmini yenyewe iandikeni upya hivyo hivyo. "Watu wengi waliipenda" haisemi kitu. Semeni mlichagua nini, mlitegemea mtazamaji afanye nini, na alifanya nini. Mtafute watu watano ambao hawajui jibu, msimamishe dakika ya tatu, ya sita na ya tisa, kila mmoja aandike kwenye karatasi anamshuku nani. Zile karatasi ndizo ushahidi wenu. Kwa trela, msiishie kwenye idadi ya waliobofya. YouTube inawaonyesha sekunde ambayo watu wanaanza kuondoka, na naamini mtakuta ni pale mnapoonyesha mlango umevunjwa, maana hadithi imeishia hapo. Sekunde 40 zinatosha, na zote zitoke kwenye dakika nne za mwanzo.

Ule wimbo wa Bongo Fleva kwenye trela uondoeni, hamna ruhusa ya mwenye nao. Mnayo redio inayolia chumbani, mkwaruzo wake peke yake ni muziki wa kutosha. Na kama mnafikiria kuionyesha filamu nje ya chuo, mwalimu awaelekeze Bodi ya Filamu mapema kuhusu kibali na daraja la umri.

Nitumie toleo jipya likiwa tayari, nitawakusanya tena sebuleni. Shangazi ana swali lake ambalo amenisumbua nalo tangu Jumamosi: kwenye korido, dakika ya sita, kuna ndala moja ya kiume, nyekundu, imepinduka. Kamera iliiangalia kabisa. Haikurudi tena. Anataka kujua ni ya nani.