Kusoma kaunta ya printa ya tawini ukiwa mbali, na hesabu iliyokaribia kunifanya nimfukuze kijana wangu

Somo la leo ni la wenye steshenari, na yeyote mwenye printa ya biashara inayofanya kazi mahali ambapo yeye mwenyewe hayupo. Ni refu kidogo na lina mambo ya kompyuta ndani yake, kwa hiyo kama una fundi wako msomee.

Mimi nina duka Kariakoo na tawi dogo Mbagala. Tawini kuna kijana mmoja, mashine moja kubwa ya kopi na kuprinti, na daftari. Si unajua foleni ya barabara ile: kwenda na kurudi ni nusu siku. Kwa hiyo nilikuwa naletewa hesabu kwa simu kila jioni, na wino ulikuwa ukiisha najua pale wateja wanapokuwa wameshaondoka. Msimu wa mitihani tuliwahi kukosa wino siku nzima. Hapo ndipo nikasema lazima niione mashine ile kwa macho yangu nikiwa Kariakoo.

Nikafanikiwa. Wiki ya kwanza tu, nikaharibu.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nikasoma kaunta ya mashine, jioni nikasoma tena. Tofauti ilikuwa 721. Kwetu kopi ni shilingi 100, kwa hiyo kichwani nikapata 72,100. Kijana akanitumia 58,650, na daftari linasema karatasi 455. Pungufu 13,450 kwa siku moja! Nikampigia simu hapo hapo, nikamwakia, na alikuwa ameweka sauti ya nje kwa sababu anafunga mzigo wa mteja. Wateja wote walisikia. Nikamwambia kesho asifungue.

Hakubishana. Alisema tu, "Dada, njoo na mashine yako ya kuhesabia, mimi rimu ninayo hapa." Nitarudi kwenye hilo. Kwanza nieleze njia niliyotumia kuifikia printa, maana kila nikigusia jambo hili naulizwa hilo kwanza.

Printa nyingi za ofisini zenye waya wa mtandao au Wi-Fi zinajua lugha moja inaitwa SNMP. (Kama yako inaunganishwa kwa waya wa USB peke yake, somo hili haliihusu.) Ni lugha ya maswali mafupi na majibu mafupi. Unauliza kwa namba, nayo inakujibu kwa namba. Orodha ya maswali ya printa iliandikwa rasmi mwaka 1995, ikarekebishwa 2004, na ndiyo maana printa za kampuni tofauti huwa zinajibu namba zile zile. Haya ndiyo ninayotumia mimi:

.1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.4.1.1 ni kaunta ya maisha yote ya mashine.
.1.3.6.1.2.1.43.11.1.1.9.1.1 ni wino uliobaki.
.1.3.6.1.2.1.43.11.1.1.8.1.1 ni ujazo wa wino ukiwa umejaa.

Gawanya wino uliobaki kwa ujazo, zidisha kwa 100, una asilimia. Ukipata jibu la -3 usishtuke, printa inasema "wino upo ila siwezi kusema kiasi gani". -2 maana yake haijui kabisa. Sisi tunaojaza tona mtaani tutakutana sana na majibu ya ajabu, kwa sababu printa inasoma kijichipu cha kwenye tona, haichungulii unga wenyewe. Chipu ikiwa ya zamani itakwambia hakuna kitu wakati umejaza jana.

Sasa tatizo. SNMP inasafiri kwa njia inayoitwa UDP, mlango namba 161, na printa imekaa nyuma ya rauta ya tawini inayotumia laini ya simu. Kutoka Kariakoo huwezi kuigongea hodi, kwa sababu laini ile kwa kawaida haina anwani ambayo mtu wa nje anaweza kuifikia. Fundi wa kwanza niliyempata aliniwekea proksi, ile ya kupitishia kurasa za intaneti. Alikula hela yangu na siku mbili, kaunta haikuja. Baadaye nikaelewa kwamba proksi ya kurasa inapitisha kurasa, haibebi maswali ya UDP. Kwa hiyo fundi akikwambia "nitakuwekea proksi", muulize proksi ya nini.

Tunachohitaji ni wakala. Mteja wa wakala wa pesa haendi benki. Anamwambia wakala shida yake, wakala anauliza kule ndani, jibu linarudi kwa mteja. Tawini niliweka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ila hata laptopu ya zamani inatosha. Ndani yake kuna programu ya bure inaitwa Net-SNMP, na sehemu yake inayojibu maswali ni snmpd. Hiyo ndiyo wakala. Faili lake la maelekezo ni snmpd.conf, na mistari iliyofanya kazi kwangu ni mitatu:

agentaddress tcp:127.0.0.1:1161
rocommunity nenolangu 127.0.0.1
proxy -v 1 -c public 192.168.1.50 .1.3.6.1.2.1.43

Wa kwanza unasema wakala asikilize wapi. Wa pili unaweka neno la siri, na kwamba anayeuliza aruhusiwe kusoma tu, asibadilishe kitu. Usiandike "nenolangu", weka la kwako. Wa tatu ndio kazi yenyewe: swali lolote linaloanza na namba zile, lipeleke kwa printa yenye anwani 192.168.1.50, tumia neno "public", kisha leta jibu. "Public" ndilo neno ambalo printa nyingi hutoka nalo kiwandani. Ukilibadilisha kwenye printa, libadilishe na hapa.

Mtego wa kwanza ni mistari inayokuja na programu yenyewe. Kwenye Debian na ndugu zake faili hilo linakuja na mpaka uliowekwa tayari, unaoruhusu kusoma taarifa chache tu za kompyuta. Ukiacha mstari wao wa rocommunity na kutegemea huo, utauliza kaunta na kuambiwa hakuna kitu kama hicho, utadhani printa imekufa. Futa wao, weka wako.

Mtego wa pili ni umeme. Ulikatika, ukarudi, rauta ikaipa printa anwani nyingine, na wakala akabaki anagonga nyumba iliyohamwa. Ingia kwenye rauta, funga anwani ya printa isibadilike. Fanya hivyo siku ya kwanza, usingoje kama mimi.

Kutoka tawini hadi kwangu natumia SSH. Nimekodi kiseva kidogo chenye anwani ya kudumu, na kodi yake ya mwezi haifiki nauli nilizokuwa natumia. Kompyuta ya tawini ndiyo inayotoka kwenda kukutana nacho, kwa hiyo rauta haina haja ya kufunguliwa mlango wowote:

autossh -M 0 -N -o ServerAliveInterval=30 -o ExitOnForwardFailure=yes -R 1161:127.0.0.1:1161 duka@anwani-ya-seva

Hapa ndipo utaona kwa nini wakala ni lazima. SSH inabeba TCP peke yake, printa inaongea UDP. Wakala anapokea swali kwa TCP upande huu, analiuliza kwa UDP upande ule. Bila yeye bomba lipo ila maji hayapiti. Hilo la ExitOnForwardFailure msilidharau. Bando likikata na kurudi, seva inaweza kuwa bado imeshikilia muunganisho wa zamani, na bila neno hilo unabaki na SSH inayoonekana hai huku haipitishi kitu.

Kwenye seva nauliza hivi:

snmpget -v2c -c nenolangu tcp:127.0.0.1:1161 .1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.4.1.1

Jibu linakuja kabla sijameza mate.

Kuna watakaokwambia usihangaike, fungua tu mlango 161 kwenye rauta uelekee kwenye printa. Kama laini yako inaruhusu, itafanya kazi, na ndiyo maana ni ushauri mbaya. Neno "public" linajulikana dunia nzima. SNMP za matoleo ya 1 na 2 zinasafirisha neno la siri wazi wazi bila kufungwa, na vifaa vilivyoachwa wazi hivyo vimeshatumika kurushia watu wengine mafuriko ya data. Printa yako inageuka jiwe la kumpigia jirani, na bando ni lako.

Jambo jingine dogo kwa wanaoprinti kutoka duka moja kwenda jingine kwa kupitisha mlango 9100. Windows inaweza kung'ang'ania kwamba printa haipo hewani hata kama karatasi zinatoka. Sababu ni kwamba Windows nayo inaulizia hali ya printa kwa SNMP, na swali hilo halifiki. Nenda kwenye mipangilio ya pòti ya printa hiyo, ondoa tiki penye SNMP Status Enabled. Basi.

Turudi Mbagala.

Nilikwenda asubuhi. Kijana alikuwa ameketi nje, duka limefungwa kama nilivyoagiza. Tukafungua pamoja. Jana yake alikuwa ameanza rimu mpya ya karatasi 500, akaiweka mezani, akahesabu zilizobaki mbele yangu taratibu. Zilikuwa 42. Maana yake zilizotoka ni 458: zile 455 za daftari, na 3 zilizochafuka na wino alizokuwa ameziweka pembeni. Akanionyesha na zenyewe.

Sasa 721 imetoka wapi? Kati ya karatasi zile 455, karatasi 263 zilikuwa mitihani ya mwalimu mmoja, pande mbili. Mashine ilihesabu kila upande. 263 mara mbili ni 526, jumlisha 192 za upande mmoja, jumlisha 3 zilizoharibika: 721 kamili. Na hela? Karatasi ya pande mbili tunauza 150, bei niliyoipanga mimi na kuibandika ukutani mwenyewe. 263 mara 150 ni 39,450. 192 mara 100 ni 19,200. Jumla 58,650. Hakukosekana hata shilingi.

Kinachoniuma ni kwamba mashine ingeniambia hata hilo kama ningeiuliza. Badala ya namba ya 4 kwenye swali la kaunta weka 3, hivi:

.1.3.6.1.2.1.43.10.2.1.3.1.1

Hapo unauliza kaunta yako inahesabu nini. Jibu likiwa 7, inahesabu pande zilizochapwa. Likiwa 8, inahesabu karatasi. Yangu ilijibu 7. Uliza swali hili kabla ya kuuliza kingine chochote, na andika jibu lake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la tawi.

Nilimwomba radhi kijana palepale dukani, na mwalimu wa ile mitihani alikuwapo, amekuja kuchukua nakala nyingine. Nikamlipa ile asubuhi tuliyofunga. Alicheka kidogo, ila wiki nzima alikuwa ananijibu kwa mkato.

Daftari tukalibadilisha. Sasa lina safu tatu: upande mmoja, pande mbili, zilizoharibika. Kila siku saa 2 usiku seva inasoma kaunta na wino yenyewe, na namba naituma kwa kijana kwanza kabla sijasema lolote. Yeye anajumlisha zake, ananirudishia. Tofauti ya moja mbili tunaiacha. Juzi ilizidi 14, akanipigia yeye kabla yangu: fundi alikuja kusafisha mashine akatoa kurasa za majaribio, na zote amezifungia kwenye bahasha ananisubiri nizione.